Linux kwenye mazabodi yenye kila kitu: Chipu tatu za kuzijua kabla ya kulipa

KOMPYUTA inayonunuliwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kupakiwa kwenye basi la kwenda Singida husafiri takriban kilomita 700 kabla mwenyewe hajaiwasha. Ikifika Singida mjini, Kiomboi, Manyoni au Nduguti na kubainika kuwa mfumo endeshi wa Linux hauitambui sehemu yake ya mtandao, hasara haiishii kwenye bei ya mashine. Ipo nauli ya kuirudisha, zipo siku zinazopotea, na yupo muuzaji atakayesema, tena kwa haki, kwamba kompyuta yake ni nzima kwa kuwa katika Windows ilikuwa ikifanya kazi bila tatizo.

Suala hili lina uzito mpya tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, linahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 kilichoanza kuuzwa mwaka 2017, au kipya zaidi. Kompyuta nyingi za mezani zilizomo katika shule, zahanati, ofisi za kata na maduka ya kuchapa barua nchini ni za zamani kuliko hizo, na nyingine ziliingia nchini zikiwa mtumba. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu: kuendelea na Windows isiyopata tena viraka vya usalama, kununua kompyuta nyingine, au kuweka Linux, ambayo haina ada ya leseni.

Njia ya tatu inawezekana kwa wengi kuliko inavyodhaniwa. Lakini inategemea chipu tatu zilizopigiliwa katika ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi: ya picha, ya sauti na ya mtandao. Jina lililoandikwa kwenye kasha halisaidii sana.

Zamani kila kazi ilikuwa na kadi yake. Kadi ya picha ilichomekwa mahali pake, ya sauti pake, na ya mtandao pake. Iliyokorofisha iling'olewa ikawekwa nyingine. Watengenezaji walipotaka kushusha bei walianza kuhamishia kazi hizo kwenye ubao wenyewe. Chipu za Intel 810, zilizotoka mwaka 1999, zilikuwa miongoni mwa zilizoeneza utaratibu huo, na miaka michache baadaye zikafuata 845G na 865G, pamoja na bao za bei nafuu zilizotumia chipu za VIA na SiS kutoka Taiwan. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, kompyuta ya kawaida ya ofisini haikuwa na kadi hata moja iliyochomekwa. Kwa mnunuzi ilikuwa nafuu kubwa. Kwa aliyetaka kutumia Linux ilikuwa bahati nasibu, kwani aliyenunua ubao alinunua pia kila kilichomo, kizuri na kibaya.

Gharama nyingine ilijificha kwenye kumbukumbu. Picha zilizounganishwa katika ubao hazikuwa na kumbukumbu yake zenyewe; zilikata sehemu ya ile ya kompyuta, megabaiti 8, 32 au 64 kulingana na ubao na mpangilio wake. Katika mashine iliyouzwa na megabaiti 256, pengo hilo lilionekana wazi mara tu programu ya kuandikia na ya kuperuzi zilipofunguliwa pamoja.

Draiva ni nini

Draiva ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na chipu. Mfumo unasema "toa sauti hii" au "peleka taarifa hizi". Draiva ndiyo inayojua chipu husika inataka kuambiwa kwa lugha gani na kwa utaratibu upi. Bila hiyo, chipu inakuwapo, inakula umeme, na haifanyi kazi yoyote.

Windows na Linux hupata draiva kwa njia tofauti, na hapa ndipo wageni wengi wa Linux wanapopotea. Katika Windows, mtengenezaji wa chipu huandika draiva yake na kuitoa kwenye CD iliyo ndani ya boksi la ubao au katika tovuti yake. Katika Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe, kile kilichoanzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, na huja pamoja nacho. CD ya boksi mara nyingi haina msaada. Pale ilipokuwa na folda ya Linux, aghalabu ilikuwa na msimbo ulioandikwa kwa kiini cha wakati huo, ambao baada ya miaka miwili au mitatu haukukubali tena kujengwa.

Utambuzi wenyewe hufanyika kwa namba. Kila chipu iliyounganishwa kwa njia ya PCI ina namba mbili za msingi: ya kampuni na ya kifaa. Intel ni 8086, Realtek ni 10ec, VIA ni 1106, SiS ni 1039, nVidia ni 10de na ATI ni 1002. Linux inapowaka husoma namba hizo, huzitafuta katika orodha zake, na ikikuta draiva inayosema "hiyo ni yangu" huipakia. Ndiyo maana kompyuta mbili zenye jina moja, rangi moja na bei moja zinaweza kutofautiana kabisa: mtengenezaji amebadilisha chipu ya mtandao katikati ya mwaka na kuacha jina la ubao lilivyo, pengine akiongeza tarakimu moja ya toleo iliyochapwa pembeni kwa maandishi madogo.

Amri ya kuzisoma ni lspci. Ikiandikwa lspci -nn huonesha namba. Ikiandikwa lspci -k huonesha draiva iliyoshika kila chipu. Mstari unaotaja chipu lakini hautaji draiva ndio wa kuuchunguza kwanza.

Mtandao kwanza

Kati ya chipu zote tatu, ya mtandao ndiyo yenye uzito kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo njia ya kufikia tiba ya nyingine. Kompyuta isiyotoa sauti inaweza kupakua kinachohitajika. Isiyo na mtandao haiwezi. Na kujenga draiva kutokana na msimbo wake kunahitaji vifaa vya ujenzi ambavyo navyo vinapatikana mtandaoni.

Katika miaka ya 2000 jambo hili liliwaumiza zaidi watu wa mikoani. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa kubwa. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao njia yake inapita Singida, ulianza mwaka huohuo. Kupakua mamia ya megabaiti kabla ya hapo ilikuwa kazi ya usiku kucha, endapo umeme ungeruhusu. Ndiyo maana CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, kati ya mwaka 2005 na 2011, zilikuwa na thamani kwa mtu mwenye sanduku la posta na asiye na mtandao. CD ilifika, Linux iliwekwa. Iliyobaki ilikuwa ni kuomba chipu ya mtandao itambuliwe.

Kwa bahati nzuri, chipu iliyoenea kuliko zote katika bao za bei nafuu ndiyo iliyokuwa rahisi. Realtek RTL8139, yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ilikuwa na draiva iitwayo 8139too katika Linux 2.4 iliyotoka Januari 2001. Mrithi wake, familia ya RTL8111 na RTL8168 yenye kasi ya gigabiti moja, hushikwa na draiva ya r8169, na ipo katika idadi kubwa sana ya bao zilizouzwa kuanzia mwisho wa miaka ya 2000. Chipu za VIA Rhine, SiS 900 na zile za Intel nazo zilihudumiwa vyema.

Matatizo yalikuwa kwingine. Bao za nVidia nForce zilikuja na chipu ya mtandao ambayo kampuni haikutoa maelezo yake kwa umma. Wataalamu wa kujitolea waliichunguza draiva ya kampuni ilivyokuwa ikifanya kazi, kisha wakaandika ya kwao upya, wakaiita forcedeth. Iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2004. Katika kazi hiyo waligundua kuwa baadhi ya bao zilihifadhi anwani ya kifaa ikiwa imegeuzwa, mwisho mwanzo, ikabidi draiva iwe inaigeuza tena. Chipu za Attansic L1 na L2 zilisubiri hadi mwaka 2007 na 2008 kupata draiva ndani ya kiini. Atheros AR8161 ilionekana katika bao za mwaka 2012 lakini draiva yake, alx, iliingia katika Linux 3.10 ya Juni 2013. Aliyenunua katikati ya tarehe hizo alisubiri au alitafuta fundi. Kwa bao mpya za leo hadithi ni ileile: RTL8125 yenye kasi ya gigabiti 2.5 ilianza kutambuliwa na Linux 5.4 ya Novemba 2019, hivyo CD au flashi ya Ubuntu 18.04 iliyohifadhiwa kabatini tangu mwaka huo haitaiona.

Ipo kasoro moja ya Realtek inayostahili kutajwa peke yake kwa sababu imewahukumu wengi bure. Kompyuta yenye Windows na Linux pamoja ikizimwa kutoka Windows, Windows inaweza kuiacha chipu ya mtandao katika hali ya usingizi. Linux ikiwaka baadaye huona chipu lakini huambiwa hakuna waya. Fundi hubadilisha waya, hubadilisha swichi, mwisho hutangaza kuwa ubao umeungua. Dawa yake ni kuchomoa waya wa umeme ukutani kwa muda mfupi, kisha kuwasha upya moja kwa moja katika Linux.

Mara moja programu yenyewe ilikaribia kuharibu vifaa. Septemba 2008, matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yalifuta maandishi ya ndani ya baadhi ya chipu za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e, na zikaacha kufanya kazi hata katika Windows. Chanzo kilipatikana katika sehemu nyingine kabisa ya kiini, na kinga iliwekwa kabla toleo kamili halijatoka Oktoba 2008. Waliopatwa walikuwa ni wale waliokuwa wakijaribu matoleo yasiyokamilika, jambo ambalo si la kufanyia kwenye kompyuta pekee ya ofisi.

Kwa aliyekwama leo, msaada uko mfukoni. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, karibu kila mkusanyo wa Linux huitambua kama kadi ya mtandao bila kuongezewa chochote. Kwa njia hiyo mtu wa Mkalama anaweza kupakua draiva inayokosekana kwa vifurushi vya kawaida vya simu. Kadi ya kuchomeka ya Realtek nayo ni tiba rahisi, mradi ubao una nafasi ya kuichomeka.

Picha: mahali kampuni zilipotofautiana

Picha ndiyo sehemu iliyoonesha wazi zaidi tabia za makampuni. Intel ilichagua njia ya uwazi. Agosti 2006 ilitoa draiva huria kwa chipu za 965, na tangu hapo draiva zake zimekuwa zikiandikwa ndani ya Linux yenyewe. AMD, baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, ilitangaza Septemba 2007 kuwa ingetoa maelezo ya chipu zake kwa waandishi wa programu huria. nVidia ilibaki na draiva yake iliyofungwa, yenye nguvu lakini isiyoweza kurekebishwa na mwingine. Waliotaka uhuru waliandika draiva ya nouveau kwa uchunguzi wa muda mrefu, nayo ikaingia katika Linux 2.6.33 mwaka 2010. Mwaka 2012, akiwa katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds aliitaja nVidia hadharani kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizoshughulika nazo, kwa tusi ambalo gazeti halichapishi. Miaka 10 baadaye, Mei 2022, kampuni hiyo ilianza kutoa msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa katika kiini, kwa chipu zake mpya.

Kwa mwenye ubao wa zamani matokeo ya sera hizo yanaonekana hadi leo. Mashine yenye Intel G31 au G41, za mwaka 2007 na 2008, ikiwa na prosesa ya Core 2 Duo, bado hupata picha safi katika Linux ya sasa. Bao zenye GeForce 6100 hutegemea nouveau, kwa kuwa nVidia iliacha kuihudumia draiva yake ya kizazi hicho mwaka 2017. Zinafanya kazi, ingawa uzoefu hutofautiana kati ya ubao na ubao. Bao za VIA na SiS ndizo zilizopata pigo kubwa. Draiva zao za kuharakisha picha, zilizoandikwa kwa utaratibu wa zamani, ziliondolewa katika Linux 6.3 mwaka 2023 pamoja na ile ya Intel 810.

Kuondolewa huko hakuna maana kuwa skrini itakuwa giza. Linux hurudi kwenye njia ya jumla inayotegemea programu ya awali ya ubao, na picha huonekana. Kinachopungua ni kasi na ukubwa: video hukatikakatika, na skrini pana ya nukta 1366 kwa 768 huweza kulazimika kuonesha 1024 kwa 768, maandishi yakiwa yamevutwa kama mpira. Kwa kuandika barua inavumilika.

Hata hivyo, si kweli kwamba chipu ya Intel humaanisha usalama daima. Bao zenye 845G zilifanya kazi vizuri kwa miaka, kisha mabadiliko makubwa ya mfumo wa picha kati ya mwaka 2009 na 2010 yakazifanya zigandishe skrini katika matoleo mapya, huku matoleo ya zamani yakiendelea bila shida. Mbaya zaidi ni GMA 500 ya mwaka 2008 na GMA 3600 iliyofuata katika bao ndogo za Atom. Zilibeba nembo ya Intel, ilhali sehemu ya picha ilikuwa PowerVR, mali ya kampuni nyingine. Draiva huria iliyokuja kupatikana, gma500, iliingia katika sehemu kuu ya kiini mwaka 2012, ikiwa na uwezo wa kuonesha picha tu bila kuiharakisha. Aliyenunua kwa kuamini nembo alijikuta na ubao unaokula umeme kidogo, unaofaa kabisa kwa nishati ya jua, na usioweza kucheza video kwa utulivu.

Sauti iliyozimwa

Malalamiko ya sauti ni mengi kuliko matatizo yake halisi. Mfumo wa ALSA, ulioanzishwa na Jaroslav Kysela wa Jamhuri ya Czech, ulichukua nafasi ya ule wa zamani katika Linux 2.6 ya Desemba 2003, na kwa kawaida yake ulianza ukiwa umenyamazisha njia zote. Draiva ilikuwapo, spika zilikuwapo, na kimya kilitawala mpaka mtu afungue alsamixer na kuondoa alama ya kunyamazisha. Siku hizi mikusanyo mikubwa hufanya hivyo yenyewe.

Bao za zamani zilifuata kanuni ya AC'97. Tangu mwaka 2004 nyingi zimehamia kanuni ya Intel iitwayo High Definition Audio, inayoshikwa na draiva moja ya snd-hda-intel bila kujali kama ubao ni wa Intel, AMD au VIA. Draiva ni moja, lakini kila mtengenezaji huunganisha matundu yake apendavyo: la kijani la nyuma, la mbele, la maikrofoni. Programu ya awali ya ubao inatakiwa kueleza mpangilio huo, na mara nyingine hueleza uongo. Hivyo ndani ya Linux kuna orodha ndefu ya bao mahsusi na marekebisho yake, iliyokusanywa kutokana na taarifa za watumiaji mmoja mmoja. Ubao ambao haukuwahi kuripotiwa na yeyote unaweza kutoa sauti nyuma na kukataa mbele.

Kwa bao zenye tundu la HDMI kuna mtego mwingine. Linux huweza kuichukua HDMI kuwa njia ya kwanza ya sauti, ikapeleka muziki wote kwenye skrini isiyo na spika. Kubadilisha chaguo hilo katika mipangilio ya sauti ni kazi ya nusu dakika.

Umeme, betri na saa

Mkoa wa Singida uko katika uwanda wa kati, wenye msimu mmoja wa mvua na upepo mwingi uliobaki. Vumbi na radi ni sehemu ya maisha ya kompyuta huko. Wakati wa radi, umeme unaopita katika waya mrefu wa mtandao kati ya majengo huweza kuua chipu ya mtandao na kuacha ubao wote ukiwa mzima. Dalili yake hufanana na kukosa draiva, na njia ya kuzitofautisha ni lspci: chipu isiyo na draiva huonekana katika orodha, iliyokufa mara nyingi haionekani.

Betri ndogo ya ubao, ile ya duara iitwayo CR2032, huleta mkanganyiko mwingine. Ikiisha na umeme ukakatika, ubao husahau saa na kurudi tarehe ya miaka ya nyuma. Linux ikiwaka ikidhani ni Januari ya mwaka fulani uliopita, tovuti salama hukataliwa kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na Debian au Ubuntu hukataa kupakua chochote kwa kusema kuwa orodha ya programu bado haijafikia wakati wake. Mtumiaji huona "mtandao haufanyi kazi" na kuanza kuitafuta draiva. Katika maeneo yanayokatikiwa umeme mara kwa mara, kama ilivyokuwa nchi nzima wakati wa mgawo wa mwaka 2006 na 2011, betri hiyo ndiyo ya kuangaliwa mapema, maana bei yake ni ndogo kuliko ya kifaa kingine chochote ndani ya kasha.

Kupima kabla ya kulipa

Njia ya uhakika ni kuijaribu Linux bila kuiweka. Flashi yenye Linux Mint, Ubuntu au Debian ya majaribio huwasha kompyuta na kuendesha mfumo mzima kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Dakika 10 dukani zinatosha: waya wa mtandao uchomekwe na ukurasa mmoja ufunguliwe, video fupi ichezwe, sauti isikilizwe katika tundu la nyuma na la mbele, kisha lspci -k isomwe. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu swali.

Anayenunua mashine 20 za maabara ya shule hana budi kufungua zaidi ya moja. Mzigo wa mtumba huchanganya matoleo ya ubao, na ya kwanza kufunguliwa si ushahidi kwa ile ya 15.

Flashi yenyewe iwe ya toleo jipya. Kwa Debian jambo hili lina sababu ya ziada: baadhi ya chipu huhitaji faili dogo la maagizo ambalo kampuni hulitoa likiwa limefungwa, na kuanzia mwaka 2011 Debian haikuyaweka mafaili hayo katika CD yake ya kawaida kwa misimamo ya uhuru wa programu. Baada ya kura ya Oktoba 2022, toleo la 12 la Juni 2023 liliyajumuisha. Kwa mtu aliye mbali na mtandao mwingine, uamuzi huo ulikuwa na faida kuliko mijadala mingi iliyoutangulia.

Upande wa pili, upya una kikomo chake. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena usakinishaji wa prosesa za biti 32, na Ubuntu iliacha kutoa CD za mezani za aina hiyo mwaka 2017. Pentium 4 za mwanzo zimeachwa nje. Mashine hizo zinaweza kubaki na toleo la zamani la Debian 12 wakati linaendelea kupata viraka, ingawa kuwekeza fedha za shule humo si uamuzi wa kupendekezwa.

Lugha si kikwazo kigeni katika safari hii. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, iliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ikatoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka mmoja kabla ya Microsoft kuzindua yake. Kazi ya kubuni istilahi ilifanyika kwa umakini. Draiva hazikuwa sehemu ya mradi huo, kwa kuwa chipu haijali lugha ya skrini. Lakini mafundi wengi wa miaka hiyo waliikuta Linux kwa mara ya kwanza kupitia mlango huo, kisha wakagundua kwamba mazabodi ndiyo yenye neno la mwisho.

Zipo bao ambazo majaribio yote yatazishinda: picha nzito, sauti ya upande mmoja, lakini mtandao unafanya kazi. Hizo hazifai kuwekwa mbele ya mwanafunzi. Zinafaa kuondolewa skrini, kuongezewa diski, kuwekewa Debian isiyo na sehemu ya picha, na kuachwa kwenye kona ya ofisi zikihifadhi mitihani iliyopita, vitabu na mafaili ya walimu kwa kompyuta nyingine zote za shule. Kwa kazi hiyo ubao wa Atom uliokataa kucheza video hufanya kazi usiku na mchana kwa umeme mdogo, na hakuna anayeuliza draiva yake ya picha ni ipi.